Nyoka ya Pembe Chini ya Kitanda cha Rael

Nilitoka Eldoret asubuhi bila kunywa chai. Kijana wangu Kiprop alikuwa amepiga simu kutoka Kipkabus: "Mama, nyoka iko chini ya kitanda na Rael amelala hapo juu." Rael ni bibi yake, mimba imekomaa. "Nikishaiua, nachoma ile miamba yote inakotoka."

Mjukuu wangu Chelimo, ambaye huzunguka na watu wa wanyamapori wakitafuta nyoka, alinishika mkono mlangoni. "Gogo, ina pembe juu ya macho?" Nikasema ndivyo Kiprop alivyosema. "Hiyo haiko nchi ingine. Iko huku kwetu tu, kwa mawe makavu ya juu ya Bonde la Ufa, na mashamba yanayamaliza. Akichoma, pengine haitaonekana hapo tena. Na msiiguse, ina sumu."

Kaptagat matatu yangu ilipita wakimbiaji wengi, lakini mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta moshi tu.

Kipkabus. Hakukuwa na moshi bado. Kiprop alisimama mlangoni na fimbo, mtungi wa mafuta ya taa miguuni. Rael alikuwa amekunja miguu kitandani, jasho linamtoka. Chini, karibu na viatu vyake, kulikuwa na nyoka ya rangi ya majivu, haizidi mkono wangu kutoka kiwiko. Ikafoka.

"Weka fimbo," nikasema. "Nyoka ikiingia kwa mwenye mimba haipigwi. Nyanya yangu Tapsubei alimwaga maziwa kwa mlango wa jirani yake Jelagat, na Jelagat akamzaa Cheboi salama. Ni wazee wetu waliokufa wamekuja kuona mtoto."

"Mama, sisi tumeokoka!"

"Kwani maziwa ni dhambi?"

Rael akasema polepole, "Kiprop, ukiikosa na hiyo fimbo, itauma mimi, si wewe. Lete maziwa."

Nikamwaga kwa kizingiti, tukarudi nyuma. Tukangoja. Msuli wa mguu wa Rael ulikaza, akauma shuka asipige kelele. Jua lilipofika mlangoni nyoka ikatoka taratibu, ikapita maziwa kana kwamba hayako, ikaelekea kwa mawe.

Kiprop akainua mtungi.

"Unachoma wazee wa mtoto wako?" Rael akamwuliza kutoka ndani.

Akashusha mtungi. Kisha akarudisha mafuta jikoni, bila kutuangalia.

Jioni, Eldoret, nilipomsimulia, Chelimo akanicheka. "Lakini Gogo, nyoka hainywi maziwa."

Najua, niliona. Lakini tulipokuwa tunangoja inywe, hakuna mtu aliyeipiga.