Mgosi Wangu Alivyokubali Kupimwa

Watu wa ukoo wetu waliokufa kwa tumbo nawajua wote kwa majina, kuanzia shangazi yake baba yangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanipotei. Hapa siyaandiki, wenyewe wamelala. Zamani mtu akiona damu chooni tulisema ni mgoro, yaani bawasiri, tukamchemshia mizizi. Alipofariki mwanangu ndipo daktari akatueleza kuwa ni saratani ya utumbo mpana, na inaweza kutembea kwenye ukoo. Akataka watoto wa marehemu wapimwe hata kama hawaumwi, maana ikiwahiwa inatibika.

Mabinti walikwenda, wakakutwa salama. Kaka yao, mwenye meza ya machungwa pale Segera, akagoma. Mama yake, mkwe wangu, akanifuata nyumbani kwangu Kwaluguru.

"Mama, siku hizi anajifulia nguo mwenyewe, tena nyuma ya nyumba. Toka lini? Nahisi anaficha damu. Na mimi nitaanzaje kumsemesha mwanangu habari za makalio?"

Kweli, mzazi hawezi. Ila bibi na mjukuu wana utani wao. Huyo tangu namweleka mgongoni namwita mgosi wangu, yaani mume wangu, na yeye huniambia nimezeeka ataniongezea mke mwenza. Nikapanda gari mpaka Segera, nikakalia kreti lake katikati ya wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgosi wangu. Nasikia nimeolewa na mwanaume anayekimbia daktari!"

Wenzake wakaangua kicheko. Akanivuta pembeni.

"Bibi, ni mgoro tu huu. Na ule mpira wa kamera wa kuingizwa nyuma siutaki. Mwanaume mzima nifunuliwe?"

"Mimi wakunga wamenifunua kila nilipozaa, na heshima yangu iko palepale. Kwani huko kwako umeficha dhahabu?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akauliza polepole, "Na wakinikuta nayo?"

Hapo niliacha utani. Nikamtajia wale wote, mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa baba yake.

"Hawa hakuna aliyepimwa mapema. Jina lako sitaki kulitaja baada ya hili."

Akageuza chungwa mkononi, akalirudisha mezani. "Basi twende wote."

Tukaenda hospitali kubwa. Alipewa dawa ya kusafisha tumbo, akawa mtu wa kukimbilia chooni, na mimi nje ya mlango nampigia vigelegele kama bwana harusi. Kesho yake daktari aliona kinyama kimeota ndani ya utumbo, akakikata hapohapo, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakaja: bado haikuwa saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka. Ameambiwa awe anarudi kuangaliwa, na anarudi.

Sasa pale Segera yeye ndiye anayewachokoza wanaume wenzake. "Nimeingizwa kamera mimi, na ndevu bado zinaota!" Wawili wameshakwenda kupimwa.

Nami nikiyataja yale majina, bado naishia kwa baba yake.