Tulivyokatalia Darajani

Reli ya zamani ilipita nyuma ya kwetu Ihumwa na kuvuka korongo juu ya daraja refu la chuma lenye nguzo za mawe. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa genge la matengenezo ya reli, alilihudumia kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kila siku alitembea juu yake na spana, akikaza nati na kutafuta mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli. Aliniambia mawe yale yaliwekwa na babu zetu enzi za Mjerumani, kwa viboko, na wengi wao hawakuwahi kupanda treni yenyewe. Kila alipolisema hilo alikasirika kana kwamba limetokea jana.

Baba alipokwisha kufariki, mvua kubwa zilibomoa tuta upande wa mashariki. Njia ikahamishwa, reli zikang'olewa, daraja likaachwa. Mama na majirani wakatandika mbao juu yake, wakawa wanalitumia kwenda mashambani ng'ambo, maana korongo likijaa maji hakuna anayepita chini.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini, nimepanga chumba Makole. Nilimsihi mama aliache lile shamba la uwele, ahamie kwangu. Alinijibu kwamba kwangu hakuna hata pa kupanda mlenda.

Mwaka jana shirika la reli likasimika kibao cha kukataza watu kupita na kubandika tangazo kwamba daraja ni hatari, litakatwa na vyuma vyake kuondolewa. Mama hasomi vizuri, akanipigia simu niende nimsomee. Nilipomaliza nikamwambia limegongwa mhuri, hakuna la kufanya.

"Huo mhuri," akaniuliza, "umeshawahi kuvuka korongo?"

Nikamuaga, nikarudi mjini.

Siku ya kukata nikaomba ruhusa kazini. Nakiri kwamba nilikwenda kumzuia asiniaibishe, maana alishasema hataacha kuvuka. Nilimkuta msimamizi wa kazi na mafundi wake wameshashusha mitungi ya gesi ya kukatia chuma, lakini hawawezi kuanza. Mama na wanawake wenzake kama kumi walikuwa darajani na majembe yao. Hawakuwa wamefunga njia. Walikuwa wanakwenda shamba tu. Wakifika ng'ambo wanalima kidogo, wanarudi nyumbani kunywa maji, wanavuka tena. Asubuhi nzima daraja halikukosa mtu.

Msimamizi aliwabembeleza, kisha akatishia kuita polisi. Ndipo akaona kitambulisho cha kazi shingoni mwangu, akanijia kwa furaha. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi kama yeye, niwaeleweshe hao akina mama.

Mama alikuwa amesimama katikati ya daraja, jembe begani, ananitazama. Nikavua kitambulisho nikakitia mfukoni.

"Samahani, kaka," nikamwambia msimamizi. "Na mimi nina shamba ng'ambo."

Nikapanda. Mbao zilicheza chini ya miguu yangu, lakini nikafika kwake. Mama akanipa jembe lake, akaenda kuazima jingine.

Mchana akaletwa mhandisi, dada wa umri wangu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia, akamshika mkono na kumvusha, akimwonyesha kila mahali marehemu baba alipokuwa akikaza nati. Mhandisi aligonga nguzo, akachuchumaa kuangalia viungo, akaandika sana. Mwisho akasema nguzo na vyuma bado ni vizima, zilizooza ni mbao.

"Mbao tulitandika wenyewe na tutabadilisha wenyewe," mama akamwambia. "Ninyi pakieni mitungi yenu."

Mhandisi akamwashiria msimamizi asimamishe kazi, wakapakia.

Jioni hiyo hiyo nililiandikia shirika la reli barua ya kuomba lile liwe daraja la waenda kwa miguu, nikaisaini kwa jina langu kamili. Habari zikamfikia mkuu wangu wa kazi, akaniita akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikamwambia najua. Barua haijajibiwa, na nimeshapeleka ya pili. Wakati huo huo majirani wameweka mbao mpya na kufunga nyaya pembeni za kushikia. Kibao cha kukataza watu kupita bado kimesimama pale pale, na kila Jumamosi mimi na mama tunakipita tukiwa na majembe yetu.