Jogoo Niliyempoteza kwa Pacha wa Nafula

Jogoo mmoja mwekundu, mwenye afya na kelele: hiyo ndiyo gharama yote niliyolipa kutaka kujua kama kompyuta ina macho.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kliniki ya Kaloleni, Daktari Msimamizi alinikabidhi probu, kile kishikio kinachopeleka mawimbi ya sauti tumboni na kurudisha picha. "Hesabu vichwa, hesabu mioyo," akasema. "Ukimaliza, hesabu tena. Mtoto utakayemkosa hapa atamshtua mkunga." Nilimtii mpaka sokoni, wauza nyanya walionibandika jina Mama Mbili-Mbili ni mashahidi.

Nilihamishiwa Kariobangi nikiwa nimekaribia kustaafu. Huko Mkuu wa Kituo akaleta programu iliyofundishwa kwa picha za skani. Inatazama kioo pamoja nawe, na ikiona kichwa inakizungushia mraba wa kijani. Sharti lake ni moja: pitisha probu mara moja tu, usirudi, isije ikahesabu kichwa kimoja mara mbili.

Wa kwanza kupimwa nayo alikuwa Nafula wa Lucky Summer, mimba ya miezi sita, kaja na mama mkwe wake. Alitaka kujifungulia kwa mkunga jirani. Mtoto mmoja, tungejadiliana. Wawili, hospitali kubwa, hakuna mjadala.

Mimi, kwa mazoea, nikapitisha probu kwenda na kurudi. Kompyuta ikaandika: vichwa viwili.

"Mukhwana na Mulongo!" Mama mkwe akapiga kigelegele. Kwao Bungoma pacha huja na majina yao: wa kwanza Mukhwana, wa pili Mulongo.

"Polepole, mama. Imehesabu nauli ya kwenda na ya kurudi. Mtoto ni mmoja."

Mkuu akacheka. "Mama Mbili-Mbili, unashindana na kompyuta?"

"Naweka jogoo wangu."

"Nami wangu. Usije ukaniletea kifaranga."

Nikapitisha mara moja, mtiifu kama mwanafunzi. Kichwa kimoja. Nikanyoosha mkono kudai jogoo.

Mama mkwe akanuna, akamgeukia Nafula. "Mwanangu, huyo mwingine umemweka wapi?"

Nafula hakununa wala kucheka. "Daktari, nijiandae kwa wangapi?"

Swali hilo lilinitoa kwenye kuku. Nikazima programu, nikamlaza kwa ubavu, nikahesabu mapigo ya moyo. Kisha, kwa kanuni ya Kaloleni, nikaanza upya kutoka upande wa pili. Moyo nikaupata, lakini huu ulikuwa na mwendo wake. Nikasogeza probu taratibu mpaka mioyo yote miwili ikadunda kwenye kioo kimoja. Wa pili alikuwa amejibanza nyuma ya mwenzake, kama asiyetaka kulipa nauli.

Walizaliwa hospitalini, wa pili akitanguliza miguu, wote wazima. Mkuu alimla jogoo wangu bila kunibakizia hata shingo.

Sasa nimestaafu, naota jua mlangoni pangu Kaloleni, na hesabu zangu zimefungwa isipokuwa hiyo. Nyinyi mnaofundisha kompyuta kuona, nishaurini: siku ile ilimwona Mulongo, au ilimwona Mukhwana mara mbili? Kama ni mara mbili, basi tulikosea sote, na Mkuu anirudishie walau nusu ya jogoo.