Kahawa Niliyomlisha Mpwa Wangu

Dada yangu alirudi nyumbani Kaagya kujifungulia kwa mama, nami nikapewa kazi iliyonifaa: kukaa naye. Wenzangu wa kidato cha nne walikwenda mjini kutafuta maisha. Mimi niliyasubiri kibanjani, kwenye migomba, yanikute nimekaa.

Mimba ile ilimtia hamu ya kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani ya harufu na kuikausha, tunayompa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Alitafuna kutwa. Siku moja akasita.

"Msomi, mtoto naye haipati hii?"

"Kondo la nyuma linachuja," nikajibu. "Tulisoma." Nikamwongezea kiganja kizima.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, mzito. Siku ya pili akaanza kutetemeka, mikono na kidevu. Shemeji alikuwa akichuuza samaki visiwani Muleba, na miaka ile ya Ukimwi hilo peke yake lilitosha watu kumhukumu mkewe. Mama wa kitanda cha pili akavuta shuka lake kando. Dada hakulia. Aliniuliza tu, "Ndio ule ugonjwa?" Nikatoka kumwita muuguzi.

Muuguzi, mama wa makamo, akampima mtoto: homa hana, sukari iko sawa. Kisha akayatazama meno ya dada.

"Ulikuwa unatafuna kahawa, waitu?" akauliza, akimwita mwenzetu kwa Kihaya.

"Sana."

"Nani alikuruhusu?"

Dada akaninyooshea kidole.

Nikafundishwa mbele ya wodi nzima. Kahawa hupita kwenye kondo bila kubisha hodi. Ubongo wa mtoto una vipokezi vyake, yaani mahali pa kuipokea. Huanza kuota tumboni na huendelea kuongezeka baada ya kuzaliwa. Vya huyu vilikua vikiizoea kahawa, sasa imekatika ghafla.

"Atatulia siku chache," akasema. "Mengine tutayaangalia kwa wakati wake, ila huku kutetemeka ni arosto ya kahawa. Mjomba ndiye aliyemlevya."

Wodi ikacheka, hata yule mwenye shuka. Dada alicheka mwisho, akiwa ameshika tumbo.

Siku ya tano, mchana, macho yalimwelemea dada kwa usingizi. "Mshike mkono," akaniambia. "Akitetemeka, niamshe."

Nikakaa. Vidole vya mtoto vikakishika kidole changu, vikatulia kabisa. Sikumwamsha dada, ingawa nilitamani sana kumwambia.