Kinanda cha Nyaya cha Paskazia

Zamani tulikaa saa moja na nusu tukingoja kinanda kipate joto ndipo muziki uanze. Siku hizi muziki unawashwa kama taa ya chooni, na ukizimwa hakuna anayegeuza kichwa.

Kinanda ninachokisema hakikuwa hivi vya plastiki vinavyopigwa na kwaya zetu za leo. Kilikuwa sanduku zito la mbao na bati, uso mzima umejaa vifundo vya kuzungusha na matundu ya kuchomeka nyaya. Ukitaka sauti ya vayolini, unachomeka nyaya hapa na pale, unazungusha vifundo, unasikiliza, unarekebisha. Ukitaka tarumbeta, unachomoa zote na kuanza upya. Na kilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili, chenyewe kilichagua moja na nyingine kuiacha. Wataalamu wanakiita sinthesaiza. Sisi wa Ushirombo tulikiita kinanda cha nyaya.

Viliingia vinne, mwaka wa sabini na nane, kwa mkono wa Bruda Wilibrodi, mzungu aliyefundisha ufundi misheni. Kabla ya hapo alileta vayolini mbili. Kiangazi cha kwanza zikapasuka, na mchwa wakamalizia. Bruda akasema basi, ataleta kitu ambacho mchwa hawali. Akavinunua vikuukuu huko kwao, vikaja kwa meli na treni na lori, na mimi ndiye niliyevifungua. Sikupita darasa la nne. Umeme niliusoma katika kitabu cha redio kisicho na jalada, usiku kwa usiku, mpaka nikaweza kubishana na Bruda na mara nyingine kumshinda.

Paskazia alikuwa binti wa wakulima wa pamba wa Bukombe, aliyekuja misheni kujifunza kushona. Darasa la cherehani lilipakana na chumba chetu. Siku moja Bruda alikuwa anawafundisha vijana watatu, mara akasikia sauti dirishani: "Hicho cha katikati kimeteleza." Bruda akapima kwa uma wake wa chuma wa kupimia sauti. Kweli sauti yake ilikuwa imeteleza, kiasi ambacho yeye mwenyewe hakukisikia. Akamwita msichana ndani, na cherehani ikapoteza fundi.

Wakawa wanne. Ezekiel alipiga sauti ya chini kabisa, Mabula ya tatu, Hosiana ya pili, na Paskazia ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Bruda aliketi na karatasi za okestra za Ulaya, kurasa za wapigaji sitini, akazipunguza mpaka zikawa za watu wanne wenye kidole kimoja kimoja. Tulizunguka nazo hadi Kharumwa. Huko mzee mmoja mfugaji aliinuka katikati ya simfonia, akazunguka nyuma ya pazia na fimbo yake, akarudi akatangaza kwa sauti: "Hakuna watu kule. Nimetazama." Watu walicheka, kisha wakasikiliza hadi mwisho. Walisikiliza. Nalisisitiza hilo kwa sababu ninajua ninachokuja kukieleza.

Paskazia aliolewa na Ezekiel. Mwaka wa themanini na nne, Bruda alipotaka kurekodi ile sehemu ya polepole waliyoipenda kuliko zote, Paskazia alikuwa amejifungua Noela siku tatu kabla. Bruda akarekodi watatu tu, nafasi ya sauti ya kwanza akaiacha wazi, ili mzazi afanyie mazoezi nyumbani huku akimbembeleza mtoto. Ndiyo kanda pekee iliyobaki.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda huku kwetu. Bruda alirudi kwao akafia huko. Dhahabu ikatangazwa upande wa Bulyanhulu, Ezekiel akaenda kuchimba, akarudi na vumbi la mawe kifuani, tukamzika. Mabula akafuata, kisha Hosiana. Kinanda kimoja kilipigwa na radi. Viwili vilivyobaki nyumbani kwa Mabula vilivunjwa na wanawe, waliosikia kwamba ndani ya saketi za kizungu mna dhahabu. Walivisaga, wakavichekecha kwa zebaki kama mawe ya shimoni. Walichopata kilikuwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Niliviona vifundo vyake vikichezewa na kuku uani.

Kikabaki cha Paskazia, na kanda. Kila Jumapili baada ya misa aliwasha kinanda, akapika, akala, na kilipopata joto alikilinganisha na kanda, akacheza na mumewe na wenzake. Hakuwa na wasikilizaji isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa pale kama fundi.

Mwaka jana parokia ilitimiza miaka yake ya jubilei. Paskazia alimwendea paroko, akaomba dakika kumi ukumbini baada ya misa. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na Noela alikuwa anamwita akaishi naye Kharumwa. "Nataka wasikike mara moja mbele ya watu," aliniambia. "Ezekiel hakuwahi kupigiwa makofi tangu Bruda aondoke."

Nilimwambia ukweli. Kanda ilikuwa imechoka, nilikuwa nimeiunga mara mbili, na kwa maoni yangu ilikuwa na safari moja tu iliyosalia. Leodgar, kijana anayeongoza kwaya ya vijana, alijitolea kuihamishia kwenye simu kabla ya siku yenyewe. Nilimkatalia mimi, si Paskazia. Nilisema kitu cha tepu kitapigwa kwa tepu. Nilijisikia nimesema jambo kubwa.

Siku ya jubilei tulikiwasha kinanda ukumbini misa ilipoanza. Paskazia akaenda kanisani. Kabla ya kutoka alinishika mkono. "Fundi Maduhu, usikiache."

"Niende wapi?"

"Wewe? Ukisikia mtu anakosea, utakwenda kumsahihisha hata kama ni mbinguni."

Nilikaa saa nzima. Kilianza kupanda vizuri, maana kikiwa cha baridi sauti yake iko chini, hupanda kidogo kidogo mpaka kinatulia. Kisha nikawasikia vijana, ambao zamu ya kuimba misa hiyo haikuwa yao, wakipima spika zao nje, wamezielekeza kwenye dirisha letu. Nikatoka kuwaambia wazigeuze.

"Shikamoo babu," Leodgar akasema.

"Marahaba. Geuza spika hizo."

"Tutazigeuza. Lakini hicho kinanda kinataka muda gani kuwaka, babu? Tangu asubuhi kinapika nini?"

"Kinapata joto."

"Mimi hapa nina vayolini mia moja na ishirini." Akakipigapiga kinanda chake cha plastiki begani. "Na zote zimeshaiva."

Wenzake wakacheka. Ilinipasa nigeuke nirudi. Badala yake nikaanza kumweleza tofauti ya sauti iliyotengenezwa na sauti iliyohifadhiwa, nikamweleza Bruda alikuwa nani, nikamweleza kwaya ya zamani ilivyokuwa inajua kusoma noti. Aliitikia "ndiyo babu" kila mara, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira nikaendelea. Niliporudi ukumbini, taa nyekundu ya kinanda ilikuwa imezimika. Feni ya mezani ilikuwa mbele yake inapuliza kwa nguvu zote, na kando yake ameketi Agapiti katekista, amekunja mikono kama mtu aliyetenda wema.

"Fundi, nimekuokolea mali," akasema. "Ilikuwa inaunguza. Nimeigusa, kama sufuria! Nikasema hii imechemka, na mwenyewe hayupo. Nimeipumzisha."

"Umeizima?"

"Nimeizima, na upepo nimeiletea."

"Muda gani?"

"Tangu matangazo yaanze kanisani. Injini haiteswi, Mzee Maduhu. Jenereta la padre nimelitunza miaka kumi na tisa, na kila saa nalipumzisha. Halijaunguza hata uzi."

Mtu akikuharibia kwa chuki, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa ananitazama akisubiri shukrani. Na katika nchi hii yote, kutoka Katoro hadi Kharumwa, mwenye bodaboda, mwenye mashine ya kusaga, mwenye pampu ya shimoni, wote wangefanya alivyofanya yeye. Chombo kikichemka kinapumzishwa. Ni mimi niliyejua zaidi, na mimi nilikuwa nje nikihubiri.

Nilikiwasha tena. Kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Misa ikaisha, watu wakajaa ukumbini, sahani za pilau zikaanza kupita. Paskazia akaja na kitenge chake kipya, akaweka kiganja juu ya bati la kinanda kama unavyopima homa ya mtoto. Akanitazama. Agapiti akamweleza yeye mwenyewe, kwa furaha.

"Wabeja, Agapiti," alimjibu. Ni asante ya Kisukuma, basi.

Nikaenda kwa mshereheshaji, mwalimu Eunice, nikamwomba atusogeze mwisho wa ratiba.

"Haiwezekani, baba. Mgeni rasmi anaondoka saa nane."

"Tupe muda wa saa moja tu."

"Baba, hata hizo dakika kumi nimewapigania. Ni sasa au basi." Na hapo hapo akachukua kipaza sauti: "Makofi kwa bibi yetu na redio yake!"

Paskazia aliketi. "Weka kanda, Fundi."

"Bado hakijafika."

"Najua. Weka. Hawatangoja."

Nikabonyeza. Kwanza unasikia mtu anakohoa, huyo ni Hosiana. Kisha kiatu cha Bruda sakafuni, mara nne. Kisha Ezekiel, chini kabisa, peke yake. Watu kadhaa wa rika letu waliacha kula. Paskazia akaingia na sauti ya kwanza, na ilikuwa chini ya wenzake, si kwa noti nzima, kwa nusu ya nusu, kiasi kile ambacho hata asiyejua muziki anakunja uso. Akazungusha kifundo kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unacheza. Akawafikia. Lakini kinanda kilikuwa bado kinapanda, kikawapita. Akakirudisha. Kikapita tena. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile, mkono mmoja unaimba na mwingine unakimbiza mbuzi.

Na ndivyo walivyosikia wao pia. Kule nyuma mtu mzima mwenye akili zake akalia "mee!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Simu zikainuliwa.

Paskazia akazungusha kifundo kimoja, sauti yake ikazimika kabisa. Akaweka mikono mapajani. Kanda ikaendelea. Leodgar, nadhani kwa nia ya kusaidia, alinyoosha mkono kwenye vayolini zake mia moja na ishirini ajaze pengo. Paskazia akamwinulia kidole kimoja bila kugeuka. Kijana akaurudisha mkono wake.

Kwa hiyo walisikika watatu, dakika sita zilizobaki, wakiizunguka nafasi ambayo hakuna aliyeijaza. Wengine walinyamaza. Wengine walirudi kwenye pilau. Ilipokwisha, Eunice alisema asante sana, sasa tuwakaribishe vijana. Makofi yalipigwa, lakini sitakudanganya, yalikuwa ya vijana.

Nilipoirudisha kanda nyuma, ilikatika vipande vitatu.

Sikumwendea kwa wiki mbili. Nilikasirikia watu wote: Agapiti, Eunice, aliyelia kama mbuzi, parokia inayotimiza miaka mingi hivyo bila kujifunza kungoja. Nilipomaliza orodha nilibaki mimi.

Kisha nikasikia anahama. Nilikuta kirikuu, kigari cha mizigo, kimesimama mlangoni kwake, godoro na masufuria yamepakiwa. Kinanda kilikuwa kimeviringishwa kwenye blanketi. Agapiti alikuwa anakifunga kamba. Alikuwa anakwenda naye hadi Kharumwa, alisema, kumsindikiza.

"Mama Noela," nikasema, "ungeniita nikifunge mimi."

"Ungegombana na kamba."

"Kanda sina namna ya kuirudisha. Nimejaribu."

Akachomoa simu kwenye kitenge, akaibonyeza. Kikohozi cha Hosiana. Kiatu cha Bruda. Leodgar alikuwa amerekodi ukumbini, akaja kumpa mwenyewe. Nikasikia Ezekiel, nikasikia kinanda kikikimbizwa, kisha yule mbuzi na kicheko chote.

"Kuna wapumbavu mle ndani," nikasema.

"Mwanzoni tu. Wakishamaliza kucheka, nafasi yangu ipo wazi, safi. Nitaingia pale." Akaizima. "Na huko kwa Noela hakuna mgeni rasmi."

"Nyaya je? Nani atakutazamia?"

"Nitaita fundi wa Kharumwa."

"Huyo anajua nini?"

"Hajui kitu. Nitamfundisha." Akairudisha simu kwenye kitenge. "Wewe nilikwambia usikiache."

Hakulisema kwa ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali.

Akapanda mbele kwa dereva. Agapiti akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia la karanga karibu na kinanda. Nikamsikia Paskazia akimwambia dirishani, "Jua likikipiga kikapata joto, usikiguse, umesikia?" na Agapiti akaitikia kama kwa mama yake, "Sikigusi, mayu." Gari likaondoka, likashika barabara ya Katoro. Walipofika kona ya mashine za kukoboa mpunga niliwaona bado, yeye kitambaa cheupe kichwani mbele, na nyuma katekista ameinamia blanketi, kiganja chake kimetulia juu yake.