Mti Uliomwita Baba

Naikumbuka Ijumaa moja ya Muyinga, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi jana uliponionyesha kwenye simu yako ule mti wa nchi za mbali unaokula watu. Ukacheka, ukaniuliza, "Bibi, na huku iko?" Mi sikucheka. Nilikwambia ngoja nimalize kuchagua maharage. Sasa nimemaliza, kaa.

Nimezeekea hapa Gitega, Musinzira, lakini nilizaliwa Muyinga, mtaa wa Waislamu, na baba yangu Saidi alikuwa fundi cherehani. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila mtu alitaka shati jipya la sikukuu. Siku za soko la mlimani baba alijitwika cherehani kichwani, akaenda kushonea hukohuko. Njiani, bondeni, ulisimama mti mkubwa ambao Warundi wanauita umuvumu. Ulianza mdogo juu ya mti mwingine, ukaukumbatia, ukashusha mizizi mpaka mwenzake akapotelea ndani. Watu wakasema, mti uliomeza mti mwenzake, utashindwa na mtu?

Basi ukawekewa sheria. Ukipita pale unang'oa nyasi, unazitupa chini ya mti kama sadaka, unakwenda zako bila kugeuka. Na ukisikia unaitwa, hata kwa jina lako, usiitike, maana mti unaiga sauti za watu uliowala. Sote tuliishika sheria hiyo. Baba, mtu wa swala tano, aliishika pia. Usishangae, imani na hofu hukaa nyumba moja bila kugombana.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, kaka yangu Yusufu alitumwa kupeleka mashati ng'ambo ya bonde. Ikanyesha mvua ya mawe, na Yusufu hakurudi. Tukasema amelala kwa wateja. Kesho yake baba akaenda sokoni na wafanyabiashara wenzake kwa njia ileile. Aliporudi alasiri alitua cherehani, akakaa chini, asinawe, asile.

Shangazi Zaina, dada yake mkubwa, alikuwa amekuja kutoka Gitega kwa ajili ya posa yangu. Yeye sheria za bonde letu hakuzijua. Akamuuliza, "Saidi, mtoto iko wapi?"

"Mti umemla."

"We umejuaje?"

"Umeniita. Kwa sauti yake."

"Umesemaje?"

"Umesema, Baba."

Shangazi akasema polepole, "Saidi, tangu lini mti uko na baba?"

Wenzake baba waliokuwa uani wakaanza kuguna, lisemwalo lipo, mama, usichokoze usichokijua. Jirani mmoja alishaanza kuuliza habari za matanga, ingawa wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Shangazi hakubishana na mtu. Akachukua kamba ya kisimani, akanishika mkono, akasema, "Twende, we uko na miguu." Baba akatufuata nyuma bila viatu.

Sitakudanganya, niliogopa. Tulipofika, shangazi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mizizi, mahali tusipokanyaga sisi, akaita, "Yusufu!" Akaita tena. Chini ya zile nyasi sauti ikatoka, nyembamba, "Karame, shangazi." Ndivyo anavyoitika mtoto yeyote wa huku akiitwa na mkubwa wake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shangazi alipiga magoti, akafukua nyasi kwa mikono, nami nikafukua. Palikuwa na shimo la zamani la kutegea nguruwe pori. Miaka yote ile, mwanangu, sadaka zetu zilikuwa zimelifunika mpaka likaonekana ardhi tu. Yusufu alikimbilia chini ya mti kujikinga na mawe ya mvua, nyasi zikamwachia, akatumbukia, akavunjika mguu. Tangu hapo alikuwa akimwita kila aliyepita, na kila aliyepita alimtupia nyasi. Alikuwa nazo mabegani na kwenye nywele, nyingine bado mbichi.

Baba alishuka shimoni mwenyewe, akamfunga kamba kiunoni, tukamvuta. Yusufu alipona, akabaki mwenye kuchechemea maisha yake yote.

Nyumbani shangazi hakupaza sauti. Alimwambia baba, "Mti haukula mtu, Saidi. Ni sisi tulikuwa tunamzika, kila mtu kwa konzi yake." Baba akalia mbele yetu, mara ya kwanza kumwona akilia.

Yusufu hakumuuliza baba kwa nini hakuitika, hata siku moja. Afadhali angeuliza. Baba alizeeka hivyo, kila mtoto alipoita "Baba" sokoni aligeuka, hata mtoto wa watu, akaacha sindano katikati ya mshono, akasema, "Niko hapa." Watu walimcheka. Mi nilikuwa natafuta pa kuangalia.

Sasa nasaha yangu, na uishike. Hadithi za mimea inayokula watu sikukatazi, zisikilize, ucheke na wenzako. Lakini hadithi ikikwambia usimwitikie anayekuita, ikatae palepale. Nchi hii imepita kwenye hofu kubwa kuliko ya mti. Nimeona watu wakiwaita majirani, na majirani wakafunga madirisha, kwa sababu walishaambiwa sauti ile si ya mtu. Kuogopa si dhambi. Ogopa, lakini chukua kamba, chukua mwenzako, nenda uangalie ni nani.

Mwenyezi Mungu akuepushe na mashimo ya njiani, mwanangu. Na siku utakayoita wewe, akupe mtu wa kukuitikia.