Ukucha Kwenye Gome la Azalia

Azalia yangu niliipanda nyuma ya jiko la mama, Ruiru. Mche nilipewa na memsahibu, mke wa meneja wa shamba la kahawa nililofanyia ukarani upande wa Thika. Alinionya jambo moja tu: wakati wa baridi mti huu hupukutisha majani yote, kisha ndipo huchanua. Mama alikitaka kipande kile cha ardhi apande maharagwe. Akanipa muda mpaka mvua fupi; mti usipotoa ua, anaung'oa.

Ukulima wa maua sikufundishwa na mtu. Kitabu kikuukuu kilisema azalia hupenda udongo mchachu, nami nikaona hakuna kichachu kuliko maganda ya kahawa ya kiwandani. Nikayarundika shinani. Baada ya wiki yalikuwa uji mweusi unaotambaa funza. Niliyageuza kwa mikono, maana jembe lingekata mizizi. Uvundo ulinifuata hadi ofisini. Ugali nilikula kwa kijiko, nikivichukia vidole vyangu.

"Unafuga maua au funza?" dada yangu aliuliza. "Kikombe changu usikishike."

Julai majani yakaanguka. Nilikuwa nimeonywa, na bado sikuamini. Nikakwaruza gome kwa ukucha: ndani kijani. Nikatulia siku moja. Kesho yake nikakwaruza kando yake, kwa sababu huenda ulikufa usiku. Nikawa nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, chini karibu na ardhi, ili kovu lisionekane, kisha nafunika kwa maganda.

Vichipukizi vilivimba, halafu vikanywea. Nilipoyaondoa maganda, niliona makwaruzo yangu yameungana kuzunguka shina lote, mkanda mkavu wa kahawia ulioukaba mti, funza wawili wamejibanza ndani. Nilitapika pale pale.

"Mti umeuawa na nini?" mama aliuliza.

"Funza."

"Si nilikwambia, baba. Uchafu ule."

Aliuvuta, ukakataa. Akachimba kwa jembe. Mizizi ilitoka mibichi, na chini ya ule mkanda palikuwa na chipukizi jekundu, dogo kama punje ya mchele. Ningesema ngoja, mama angengoja. Lakini angeinama kulitazama shina, na alama za ukucha angezijua ni za nani.

Nikamshikia karai, akautupa humo.